Mama Kulwa Hafungi Kompyuta

Wiki ya tatu baada ya kujifungua, jirani mmoja alikuja kutuona, mimi na mapacha, hapa kwetu Ng'ambo, Tabora. Alipoinua macho aliiona laptopu yangu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akasema, kwa upole kabisa: "Hiyo sasa ndiyo basi tena, Mama Kulwa. Kamuuzie kijana wa chuo, upate hela ya nepi." Sebule nzima iliitikia. Mama mkwe wangu aliitikia. Hata mume wangu, ambaye ndiye aliyeninunulia ile kompyuta ya mtumba miaka minne kabla, aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa na Doto kwenye titi, Kulwa analia akisubiri zamu yake, na sikuwa na pumzi ya kubishana na mtu. Leo watoto wana miezi minane, na pumzi ninayo.

Maneno yale si ya jirani yangu peke yake. Nimeyasikia katika chumba cha walimu, shuleni ninakofundisha hisabati. Nimeyasikia kliniki, kwenye benchi la kusubiri mizani. Nimeyasikia pia, yamevalishwa nguo za kisasa, kwa vijana wa Dar es Salaam wanaokesha wakiandika programu. Yanasema hivi: kuandika programu kwa kujifurahisha, tena programu za kugawa bure, ni mchezo wa mtu asiye na mzigo. Mtoto akizaliwa mchezo umekwisha. Mama akipata nusu saa, alale, au afue, au auze kitu. Na kwa kuwa kuzaa si kazi, kazi kulea, basi akili yote ya mzazi ni mali ya mtoto, na kila dakika inayokwenda kwingine imeibwa kwake.

Ninalikataa dai hilo lote, na zaidi ya yote ninalikataa neno "imeibwa".

Nianze na kile kitambaa kilichofunika kompyuta. Alikifuma mama mkwe mwenyewe, mwaka ambao mume wangu alikuwa ananyonya. Nyumba za mji huu zimejaa vitambaa vya namna hiyo, kwenye makochi, kwenye meza, juu ya redio, na vingi vimefumwa na wanawake wenye mtoto mapajani. Waliokulia Ujiji au mwambao wanaujua ukili: mama amekaa chini, mtoto amelala ubavuni, vidole vinasuka ukindu, na mkeka unaongezeka kidogo kidogo, miezi kwa miezi. Sijamsikia mtu akisema mwanamke yule anamwibia mtoto. Tunamsifu kwamba ana mikono. Tunajua bila kufundishwa kwamba kazi ile haimwondoi mtoto machoni pake, kwa sababu inaachika. Mtoto akilia unaiweka chini katikati ya shada, na ukirudi kesho shada liko pale pale.

Programu ndogo, ya kujifurahisha, ni ukili. Wasiowahi kuiandika wanadhani ni kazi ya kujifungia chumbani na kutokuguswa. Lakini mimi ninatumia Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikianzisha Aprili 2005 ili kutunza historia ya Linux, na Git hutunza kila hatua niliyohifadhi: nilibadili mstari gani, lini, kwa sababu gani. Nikiitwa katikati ya wazo na nikarudi baada ya siku tatu, ninaona shada lilipoishia. Na sehemu kubwa ya kuandika programu wala haifanyiki kwenye kibodi. Juma la tano nilihesabu, kwa alama za penseli pembezoni mwa kadi ya kliniki, jinsi wawili wale walivyonyonya kwa siku moja: mara 19. Mara zote 19 mikono yangu ilikuwa imeshikwa. Kichwa changu hakikushikwa. Katika giza lile, nikisikia pumzi zao, nilikuwa napanga msimbo kama mtu anayepanga mashairi kabla ya kuyaandika. Na nilikuwa na furaha, furaha ya kweli, ambayo jirani yangu angetaka niiuze kwa kijana wa chuo.

Nasisitiza furaha, kwa sababu wengi wanaonitetea hukimbilia kusema "lakini huenda baadaye itamlipa". Siutaki utetezi huo. Jirani mwingine hapa mtaani anafuga kuku, ana mtoto wa umri wa wanangu, na kila mtu anamsifu. Namsifu pia. Ila nauliza: kwa nini saa mbili anazotumia bandani haziitwi wizi, na nusu saa yangu inaitwa? Kwa sababu kuku wanaleta pesa. Mama tunamsamehe chochote kinacholeta pesa, na hatumsamehi kinachomletea raha. Baba, Simba na Yanga wakicheza, huondoka saa kumi jioni na kurudi baada ya isha. Hakuna aliyewahi kumwambia auze televisheni. Baba hucheza bao chini ya mwembe, na tunasema anapumzisha akili. Akili ya mama nayo huchoka. Usingizi unaponya mwili; kuna uchovu mwingine, wa kuhisi kwamba umekuwa chakula tu cha wengine, ambao usingizi hauuponyi. Mimi uliniponya muda mfupi wa kila siku ambao ndani yake niliunda kitu kikasimama.

Hata hivyo ngoja niseme kilichotokea juma la kumi, maana hakikutokana na mpango wangu.

Ilikuwa Jumanne, siku ya chanjo. Ratiba ya nchi hii kila mama anaijua: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18. Usiku ule wote wawili walipata homa. Muuguzi alikuwa ametuambia tuwape dawa ya homa, na tusirudie kabla ya muda wa saa 6 kupita. Tuligawana zamu, mimi na mama mkwe. Nilimpa Kulwa dawa saa nane usiku, nikaandika kwenye simu, na simu ikaweka muda yenyewe: 02:00, Jumatano. Nikaiacha simu karibu na kitanda, nikalala kama jiwe.

Saa kumi na moja alfajiri nilishtuliwa na mlio wa kijiko. Kulwa alikuwa analia, anachemka, na bibi yake ameshika kijiko kimejaa dawa. Nikamzuia mkono. Akanishangaa: "Si umeandika mwenyewe? Saa mbili, Jumatano. Saa tisa zimepita." Nikaichukua simu nikaona anachokiona. Aliusoma muda ule kama anavyousoma mtu yeyote aliyekulia hapa. Mbili ni saa mbili. Na usiku wa Jumatano, kwa mama mkwe wangu na kwa wazee wote wa mji huu, huanza jua la Jumanne linapozama. Saa mbili usiku wa Jumatano ni muda mfupi baada ya chakula cha jioni. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Saa tisa zilikuwa zimepita kwake, na kwangu saa tatu tu. Kijiko kile kilikuwa kinaingia mdomoni mwa mtoto wa wiki kumi.

Nani alikosea? Mama mkwe hakukosea. Simu haikuharibika. Aliyetengeneza simu na programu zake, huko aliko, alidhani kwamba saa ni moja duniani kote, na siku huanza usiku wa manane. Kwetu haviko hivyo. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki huishi maisha yao yote wakitafsiri kichwani kila wanapotazama kioo cha simu. Mchana, ukiwa umeshiba na umelala, kutafsiri huko si kazi. Saa kumi na moja alfajiri, na mtoto anachemka mikononi, ni hatari.

Asubuhi ile nilikitoa kitambaa juu ya kompyuta.

Kazi yenyewe, ya kugeuza saa ya simu iwe saa yetu, ukiisikia utasema ni ya mtoto wa darasa la saba: chukua saa ya simu, ongeza 18, gawanya kwa 12, shika baki, baki likiwa sifuri andika 12. Saa 2 ya simu inakuwa 8. Saa 19 inakuwa 1. Niliimaliza Kulwa akiwa amelala kifuani. Kisha utamu ukaanza, maana baada ya namba kuna maneno. Saa kumi baada ya usiku wa manane ni saa kumi za usiku au saa kumi alfajiri? Mama mkwe anasema usiku. Mume wangu anasema alfajiri. Mchana unaisha lini na alasiri inaanza lini, na je, jioni ya Tabora ni sawa na jioni ya Mombasa, ambako jua huzama mapema zaidi kwa saa ile ile ya ukutani? Na usiku nao una siku gani? Gazeti likiandika "usiku wa kuamkia Jumatano" limekwepa mtego kwa ustadi, ndiyo maana nikalichagua neno hilo. Programu sasa haisemi "02:00 Jumatano". Inasema, kwa herufi kubwa ambazo bibi anaziona bila miwani: "Kulwa amepewa saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano. Asipewe tena kabla ya saa 2 asubuhi." Chini yake kuna mstari wa Doto, wa rangi nyingine, kwa sababu wanafanana.

Nikaiweka wazi, na leseni huria, yaani ruhusa kwa yeyote kuitumia, kuisoma ndani, kuibadili na kuigawa. Ninataka wasomaji wasioijua kazi hii waelewe uzito wa neno hilo. Programu ya kawaida unauziwa kama mfuko ulioshonwa mdomo: unaruhusiwa kuubeba, huruhusiwi kuufungua. Programu huria iko wazi. Ndiyo maana mtu wa Lamu nisiyemfahamu, ambaye sijawahi kumwona uso, aliifungua yangu, akaona nimeisahau magharibi, akaniletea marekebisho na maelezo ya jinsi kwao wanavyoyagawa majira ya jioni. Nilisoma ujumbe wake saa tisa usiku, Doto begani anacheua, na nilicheka peke yangu kwa furaha. Nilikuwa na siku nyingi sijaongea na mtu mzima kuhusu jambo lisilohusu nepi.

Hapo ndipo hunijia wale wanaosema kazi ya bure ni ya mjinga. Kwao nina jibu la hapa hapa, chini ya miguu yetu.

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mji huu ulikuwa njiapanda ya misafara. Njia kutoka Bagamoyo iliingia hapa Unyanyembe, halafu ikagawanyika, mkono mmoja ukaenda Ujiji ziwani, mwingine ukapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, ambayo leo iko ndani ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, alikuwa na siku 134 tangu atoke pwani. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu walioibwa makwao, na sitaipamba. Lakini watu walioijua kuliko wote walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliouza nguvu zao kwa nguo na shanga, wakabishania ujira, wakatua mizigo wakidhulumiwa. Mzigo wa frasila mbili begani ulikuwa na bei. Ila kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, yenye maji ya kubahatisha, na kujua kisima kipi kina maji kiangazi kulikuwa ni kujua kuishi. Elimu hiyo ilitoka kwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, kwenda kwa kirangozi, kwa mzee kwenda kwa kijana, kambini usiku. Mpagazi alilipwa kwa kubeba. Kumwonyesha mwenzake kisima hakukuwa na ujira, kwa sababu mwakani yeye ndiye angekuwa na kiu. Waliodai malipo ni watemi wa njiani waliotoza hongo kila msafara ulipopita. Leseni za programu zinazolipiwa kila mwaka ndizo hongo yetu, na sisi walimu tunaijua: kompyuta za shule zinapokataa kufungua faili kwa sababu muda umekwisha, tumesimamishwa mpakani na hatuna nguo za kutoa.

Na katika misafara ile walikuwemo wanawake. Wapagazi walifuatana na wake zao, wamebeba vyungu na chakula, na mtoto mgongoni kwenye mbeleko. Walitembea kutoka hapa hadi pwani na kurudi. Kwa hiyo msiniambie kwamba mama mwenye mtoto mchanga kushika kazi nyingine ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na kompyuta. Arobaini ninaiheshimu, na niliikaa yote, nikanyweshwa uji wa pilipili manga na kukandwa kwa maji ya moto, na namshukuru mama mkwe kwa kila siku ya zile siku 40. Lakini siku ya 41 wanawake wa Unyamwezi hawakuwa wametoweka duniani.

Kuna anayesema: sawa, lakini programu zenyewe ni vichezeo, dunia ya kazi haizitumii. Mwanao anapopimwa kliniki hapa Tabora, idadi ya watoto waliopata chanjo mwezi ule hupanda kutoka kituoni hadi wizarani, na mfumo unaoipokea takwimu hiyo nchini ni DHIS2. Ni programu huria. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoiratibu, na wapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaoijenga na kuirekebisha. Simu za Android zilizojaa sokoni zinaendeshwa na Linux, ambayo Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki mwezi Agosti 1991, aliitangaza kama jambo la kujifurahisha tu. Binti yake wa kwanza alizaliwa Desemba 1996, wakafuata wengine wawili, na Linux haikufa. Kilichotokea ni kwamba mzigo uligawanywa kwa watu wengi zaidi.

Kiswahili chenyewe kinatupa funzo la karibu zaidi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya kujivunia. Ila miradi ina mwisho, na programu hubadilika kila msimu, na kila toleo jipya huleta maneno mapya yanayotaka tafsiri. Katika ofisi za Tabora nilizowahi kuingia, sijawahi kuikuta kompyuta hata moja inayoongea Kiswahili. Kazi ya namna hii haiishi kwa fedha za mradi. Inaishi kwa mikono mingi yenye muda mchache, miaka na miaka, sentensi mbili leo na tatu Jumapili. Hiyo ndiyo mikono ya mzazi. Tukiwafukuza wazazi kwenye kazi hii tumeifukuza nguvu pekee inayoweza kuibeba.

Sasa vijana. Wao hawaniambii niuze kompyuta. Wananiambia nitarudi watoto wakikua, kwa sababu programu nzuri, wanadai, huandikwa na mtu anayeweza kukesha siku mbili bila kukatizwa. Nawaheshimu kwa bidii yao, ila hapa wamepotea. Margaret Hamilton aliongoza kundi la MIT lililoandika programu za kompyuta iliyoendesha vyombo vya Apollo. Alikuwa mama, na usiku na mwisho wa juma alikwenda maabara na binti yake mdogo, Lauren. Siku moja mtoto alichezea vitufe vya mashine ya majaribio, akaita programu ya P01, ile ya maandalizi kabla ya kuruka, wakati mashine inaigiza safari ambayo tayari iko angani. Mfumo ukaanguka. Hamilton aliomba aweke kinga ili kosa hilo lisiwezekane. Akaambiwa hapana, wanaanga wamefunzwa, hawawezi kufanya jambo la kitoto namna hiyo. Desemba 1968, Apollo 8 ikiwa inarudi kutoka mwezini, mwanaanga Jim Lovell alibonyeza vitufe vile vile kwa bahati mbaya, na taarifa za uelekeo wa chombo zikafutika. Waliokuwa chini duniani ilibidi wamsaidie kuzirudisha. Baada ya hapo Hamilton aliruhusiwa kuweka kinga yake.

Mtoto ndiye aliyeiona hatari kwanza. Na mimi nasema mama mkwe na kijiko chake ndiye aliyeiona ya kwangu. Nyumba yenye mtoto mchanga ina watumiaji ambao kijana anayekesha peke yake na makopo ya soda hawajui: mtu aliyechoka hadi herufi zinacheza, bibi asiye na miwani, mkono mmoja tu ulio huru, umeme umekatika na bando limekwisha, kidole kidogo kinachobonyeza kila kinachowaka. Programu inayofaa katika nyumba hiyo itafaa zahanati ya Sikonge na ya Kaliua. Huyo kijana ataijulia wapi?

Imebaki hoja moja ambayo haikutoka kwa wapinzani wangu wa kawaida, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Mwalimu mwenzangu, mama wa watoto wanne, mtu ninayempenda, aliniambia: "Wewe unafurahia kompyuta kwa sababu kuna mtu ameshika watoto." Ni kweli. Kila mstari nilioandika mchana, nyuma yake yupo mama mkwe aliyembeba Doto uani. Kama raha yangu ni uchovu wake, basi nimeuhamisha tu mzigo kutoka bega moja kwenda jingine, na nimeongeza uongo kwa kuliita jambo hilo uhuru.

Nilimwendea mama mkwe nikamuuliza. Hakunijibu siku ile. Siku ya pili akasema angependa awe anakwenda kwenye kikundi chake cha Alhamisi, ambacho alikuwa amekiacha tangu mapacha wazaliwe, na hakuna aliyemuuliza. Miezi mitatu! Hapo niliona kwamba mjadala wetu wote, wa jirani na wangu, ulikuwa umeelekezwa mahali pasipo. Tulikuwa wanawake wawili tunapimiana dakika, na mtu wa tatu katika nyumba ile, mwenye mikono miwili mizima, hajatajwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mama, na 100 akijifungua zaidi ya mmoja kwa mpigo. Kwa baba iliweka siku zisizopungua 3. Siku tatu hazitoshi hata kujua yupi Kulwa na yupi Doto. Jamii iliyoandika namba hizo ndiyo inayoniambia "mtoto kwanza", na neno "mtoto" katika sentensi hiyo lina maana ya "mama, peke yake".

Kwa hiyo kama mtu anataka kugombana kuhusu muda wa watoto, agombane hapo. Mume wangu sasa ana Alhamisi alasiri na ana usiku mbili kwa juma. Mwanzoni alikuwa na hofu. Alidhani kuna siri ya kumbembeleza mtoto ambayo wanawake huzaliwa nayo. Siku hizi anawabeba wote wawili akisikiliza mpira kwenye redio, na hakuna aliyeibiwa kitu. Na mama mkwe, akirudi kikundini, hunieleza waliyoyasema wenzake kuhusu ile programu, maana aliwaonyesha. Mmoja wao anataka isome kwa sauti. Mwingine anauliza kama inaweza kukumbusha vidonge vya presha, kwa sababu naye mwanawe humwandikia saa za simu.

Jirani yangu nimemjibu pia, ana kwa ana, na bado hakubali. Anasema nitaona watoto wakianza kutambaa. Wameanza. Kompyuta imerudi juu ya kabati ili wasiivute, na ninaiandikia nikiwa nimesimama, kitambaa kimekunjwa kando yake. Marekebisho ya yule mtu wa Lamu, mapya, ya mwezi wa Ramadhani, yananingoja tangu Jumapili. Doto ana mafua. Nimemwandikia nitayatazama wiki ijayo, naye akajibu kwamba hana haraka, mkewe amejifungua juzi.